Jeni huandamana, hazikupigiliwa misumari

Wiki jana mwanafunzi wa kidato cha nne aliniletea daftari la Biolojia. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili, jambo lililonifurahisha, kwamba jeni zilizo katika kromosomu moja 'zina uhusiano'. "Sasa Mwalimu," akaniuliza, "mbona kitabu kinasema tena zinaachana?"

Kosa si lake. 'Uhusiano' ni neno pana mno. Hata majirani wasiosalimiana wana uhusiano. Nayo 'fungamana', ninayoikuta mara kwa mara, inakaza kupita kiasi.

Tumtazame nzi wa matunda, yule mdogo anayezingira ndizi zilizoiva sana. Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na wenzake walizalisha nzi wa kijivu wenye mabawa kamili na weusi wenye mabawa yaliyodumaa. Watoto wote wakawa wa kijivu, mabawa kamili. Majike wa kizazi hicho wakapandishwa na madume weusi wa mabawa yaliyodumaa. Kama jeni za rangi na za mabawa hazijuani, aina nne za wajukuu zingetokea kwa idadi sawa. Kama zimegandana, zingetokea mbili tu. Wapi! Takriban 83 katika kila 100 walifuata mkondo wa wazee. 17 hivi walichanganya: weusi wenye mabawa kamili, au wa kijivu wenye mabawa yaliyodumaa.

Yai linapoundwa, kromosomu mbili za jozi hulala sambamba, zikakatika na kubadilishana vipande. Fikiria shanga kwenye uzi: ukikata popote, shanga zilizo mbalimbali ni rahisi kutenganishwa kuliko zinazogusana.

Hapo ndipo Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa Morgan, alipong'amua mwaka 1911 kwamba kiwango cha kuachana ni kipimo cha umbali. Akaweka kando kazi ya chuo, akakesha, kukikucha ana ramani ya kwanza ya jeni. Aliichapisha mwaka 1913.

Kwa hiyo nikapendekeza 'kuandamana': wanaoandamana huenda pamoja, na njiani wanaweza kuachana. Kijana akacheka, "Si watadhani jeni zinarushiwa vitoa machozi?" Labda. Lakini akafuta 'uhusiano'.

Nikamwongezea moja: jike ndiye wa kupimia. Kwa dume wa nzi huyu, jeni zilizoandamana haziachani kabisa, na huko hata 'fungamana' ingefaa.