Utalii wa Albania: wageni wamekuja, kazi ni kuwatawanya

Albania ni nchi ndogo ya Rasi ya Balkani, imepakana na Ugiriki upande wa kusini na inatazamana na Italia ng'ambo ya Bahari ya Adria. Sensa ya mwaka 2023 ilihesabu watu milioni 2.4. Mwaka huohuo wageni zaidi ya milioni 10 walivuka mipaka yake, na mwaka 2024 wakakaribia milioni 12. Mwaka 2019, kabla ya janga la Uviko-19, walikuwa milioni 6.4. Takwimu hizo lazima zisomwe kwa uangalifu, kwa kuwa kinachohesabiwa ni watu wanaoingia mpakani, si vitanda vilivyolaliwa. Ndani yake wamo Waalbania wa Kosovo wanaokuja kuwaona ndugu, na watalii wanaotoka kisiwa cha Kigiriki cha Corfu asubuhi na kurudi jioni. Hata hivyo, ukiondoa hao wote, ongezeko linabaki kubwa, na utalii ndio uliobadilisha sura ya uchumi wa nchi hii kuliko biashara nyingine yoyote katika miaka ya karibuni.

Chanzo cha kuchelewa kwake ni siasa. Chini ya Enver Hoxha, aliyetawala tangu 1944 hadi alipofariki mwaka 1985, raia hakuruhusiwa kusafiri nje wala kumiliki gari binafsi. Watalii wachache wa kigeni waliletwa kwa makundi chini ya shirika la serikali, Albturist, na mgeni aliyefika na nywele ndefu au ndevu zisizowapendeza wakubwa alikalishwa kwa kinyozi kabla ya kuruhusiwa kuingia. Serikali iliyoogopa kuvamiwa ilitapakaza ngome ndogo za zege nchi nzima, zaidi ya laki moja na nusu, kuanzia ufukweni hadi kwenye mashamba ya mizabibu. Utawala huo ulianguka mwaka 1991. Miaka sita baadaye miradi ya upatu ikafilisika na akiba za watu wengi, ghasia zikazuka, na watalii wakaikwepa nchi kwa muda mrefu. Kwa hiyo, katika miongo ambayo Hispania, Italia na Ugiriki zilikuwa zikijaza pwani zao mahoteli, pwani ya Albania ilibaki karibu kama ilivyokuwa. Leo hiyo ndiyo bidhaa yake kuu.

Wageni wengi huelekea kusini, kwenye Bahari ya Ionia. Kutoka Vlora hadi Saranda kuna fukwe za Dhërmi, Himara na Borsh, milima ikishuka moja kwa moja baharini. Mpaka mwaka 2024 dereva alilazimika kupanda kona kali za njia ya mlima ya Llogara, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Julai mwaka huo likafunguliwa handaki la barabara la karibu kilomita 6, na safari ya mlima iliyokula nusu saa sasa ni ya dakika chache. Faida yake kwa wenye hoteli za Himara ni dhahiri. Ila handaki hilo linawapeleka watu zaidi mahali palepale palipokwisha kujaa, katika miezi ileile miwili, Julai na Agosti.

Ksamil ndipo tatizo hilo linapoonekana wazi. Ni kijiji chenye visiwa vidogo vinne na maji maangavu, ambacho mitandao ya kijamii ilikibatiza jina la Maldivi ya Ulaya. Julai na Agosti mchanga wake hufunikwa na safu za miavuli na vitanda vya kukodi hadi ukingoni mwa maji. Mgeni aliyekuja kwa sababu ya bei nafuu hukuta bei zimepanda, na mwenyeji wa kipato cha kawaida hukosa pa kutandika taulo yake. Ifikapo Novemba milango mingi imefungwa. Biashara inayopata mapato ya mwaka mzima katika wiki nane haiwezi kumlipa mfanyakazi mwaka mzima, na kijana wa Saranda anajua kwamba Ujerumani au Italia atapata mshahara wa miezi 12.

Kilomita chache kusini mwa Ksamil iko Butrint, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1992. Wagiriki, Warumi, Wabizanti na Wavenisi waliishi hapo kwa zamu, juu ya rasi iliyozungukwa na maji, kabla ya mji kuhamwa. Uchimbaji wa kitaalamu ulianzishwa mwaka 1928 na Mwitalia Luigi Maria Ugolini. Jukwaa la maonyesho la kale limesimama kando ya maji, na maji ya ardhini yakipanda mawe ya chini huzama. Boti ya kasi hutoka Corfu hadi Saranda kwa takriban nusu saa, na hapo ndipo kasoro ya kibiashara ilipo: wengi wanaoiona Butrint hulala Ugiriki. Albania hubaki na nauli ya basi, kiingilio na chakula cha mchana.

Bara kuna miji miwili ambayo kwa haki ingepaswa kubeba jina la nchi zaidi ya ufukwe wowote. Gjirokastër, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2005, imejengwa kwa mawe kuanzia barabara hadi mapaa, chini ya ngome kubwa. Hapo alizaliwa Hoxha mwaka 1908, na hapo alizaliwa mwandishi Ismail Kadare mwaka 1936. Berat, iliyoongezwa mwaka 2008, imekaa kando ya mto Osum. Nyumba zake nyeupe za enzi ya Waosmani zimepanda mlima zikiwa na madirisha mengi yanayotazama upande mmoja, na ndani ya ngome iliyo juu bado wanaishi watu, wanaanika nguo na kuuza vitambaa vya kufuma mlangoni. Jumba la makumbusho la Onufri lililo humo limehifadhi picha takatifu za kanisa, wakati bondeni misikiti na tekke, nyumba za ibada za Wasufi, vinasimama, ingawa serikali ilipiga marufuku dini zote mwaka 1967. Kutunza nyumba hizo ni gharama: paa la mawe lina uzito mkubwa, na fundi anayelijua ni nadra. Familia nyingi zimezigeuza kuwa nyumba za wageni, na bila kodi ya vyumba huenda mapaa kadhaa yangekuwa yameshaporomoka.

Kaskazini kuna milima inayoitwa Alpi za Albania. Safari ya kawaida huanza kwenye ziwa la Koman, lililotokana na bwawa la umeme kwenye mto Drin. Kivuko hupita kati ya majabali kwa muda wa saa mbili hadi tatu, na boti ndogo za pembeni huwashusha wanakijiji na magunia yao ya unga kwenye vijia vya vijiji visivyo na barabara. Kisha watembeaji huvuka kwa miguu kutoka Valbona hadi Theth, kupitia pito la mlimani la takriban mita 1,800, na nyumbu hubeba mizigo ya wasiojiweza. Jioni mwenye nyumba huweka mezani jibini, pilipili za kuchoma, mkate wa mahindi na raki, pombe kali aliyoitengeneza mwenyewe. Katika mnyororo huu fedha hukaa kijijini karibu zote: chumba, chakula, nyumbu na mwongozaji ni vya watu walewale. Ni watalii wachache kuliko wa Ksamil, lakini kila mmoja huacha zaidi mikononi mwa mwenyeji.

Mfano huohuo umeshika katika utalii wa mashambani. Huko Fishtë, karibu na Lezhë, mpishi Altin Prenga aliyerudi kutoka Italia alianzisha Mrizi i Zanave, mkahawa unaonunua jibini, nyama, matunda na mboga kwa wakulima wa jirani. Serikali iliunga mkono njia hiyo kwa kodi nafuu: shughuli za aina hii hutozwa asilimia 5 ya faida. Hoteli za nyota nne na tano za majina makubwa ya kimataifa, kwa upande wao, zilisamehewa kodi ya faida kwa miaka 10. Ni vigumu kuutetea msamaha huo wa pili. Kampuni kubwa ingeifuata pwani hii hata bila zawadi.

Fedha za wageni zimeleta athari isiyotarajiwa kwa viwanda. Mwaka 2015 euro moja ilibadilishwa kwa takriban 140 za lek, sarafu ya Albania; kufikia mwishoni mwa 2024 ilikuwa imeshuka chini ya lek 100. Viwanda vinavyoshona nguo na viatu kwa oda za kampuni za Italia hulipwa kwa euro na kulipa mishahara kwa lek, hivyo kila euro inaposhuka faida yao huliwa. Hoteli nazo zinahangaika na uhaba wa watumishi, na baadhi sasa huajiri kutoka Ufilipino, Nepal na Bangladesh.

Swali zito zaidi ni la ardhi. Baada ya 1991 mashamba ya ushirika yaligawiwa kwa waliokuwa wakiyalima, huku warithi wa wamiliki wa zamani wakiendelea kudai chao, na viwanja vingi vya pwani hadi leo vina mgogoro wa hati. Uwanja mpya wa ndege wa Vlora umejengwa kando ya ziwa la pwani la Narta, kituo cha flamingo na ndege wengine wahamao, licha ya pingamizi la wanamazingira. Mwaka 2024 sheria ya maeneo ya hifadhi ililegezwa ili kuruhusu hoteli za kifahari, na mwishoni mwa mwaka huo mradi wa mwekezaji Mmarekani Jared Kushner wa euro bilioni 1.4 kwenye kisiwa cha Sazan, zamani kambi ya jeshi la majini, ukapewa hadhi ya uwekezaji wa kimkakati. Lakini kabla ya hapo serikali hiyohiyo, Machi 2023, ilikuwa imeutangaza mto Vjosa kuwa hifadhi ya taifa, ukitiririka bila bwawa kubwa hadi baharini. Sera hizi mbili haziwezi kwenda pamoja kwa muda mrefu, na anayezijali Vjosa na Narta ana haki ya kuuliza ipi itashinda.

Kwa anayepanga kwenda: msafiri mwenye viza halali ya Schengen, Uingereza au Marekani ya kuingia mara nyingi, ambayo ameshaitumia angalau mara moja, huruhusiwa kuingia Albania bila viza nyingine na kukaa hadi siku 90. Miezi bora ni Mei, Juni na Septemba: bahari inaogeleka, vyumba vina nafasi, na fedha yake itamfikia mwenyeji wakati anapoihitaji zaidi.