Basi la Jua: Kutoka Dar Hadi Sumbawanga kwa Dakika 30

Msomaji wetu mmoja wa Sumbawanga anauliza: kutoka Dar es Salaam hadi kwao, kwa ndege, ni umbali gani na muda gani? Utani wa kuruka kwa ungo wa kichawi tuuweke kando. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 845. Kwa barabara, kupitia Mbeya na Tunduma, zinazidi 1,100. Ndege ya pangaboi iendayo kilomita 600 kwa saa, ukijumlisha kupaa na kutua, itatumia saa moja na nusu hivi. Hesabu ya shule ya msingi hiyo, imekwisha.

Mimi namtazama msafiri mwingine wa njia hiyohiyo: jua.

Lichukulie kuwa ni basi. Likishachomoza Dar halisimami mizani wala abiria hawachimbi dawa. Dakika ya 6 liko Morogoro, ya 14 Iringa, ya 23 Mbeya, ya 26 Tunduma, na ya 30 linapiga honi Sumbawanga. Siri yake ni kwamba dunia hujizungusha digrii moja ya longitudo kila dakika 4, na kati ya miji hii miwili zipo digrii 7 na nusu. Jioni ratiba ni ileile: Dar hushushwa kwanza gizani, nao watu wa Sumbawanga hubaki kitini nusu saa zaidi, dirisha la upande wa Ziwa Tanganyika likiwaka. Ndiyo maana aliyefunga Sumbawanga hawezi kufuturu kwa adhana ya Dar inayosikika redioni. Jua bado linamtazama.

Saa ya ukutani haiyajui hayo. Tanzania nzima hufuata longitudo ya 45 mashariki, mstari unaopita jirani na Mogadishu! Sumbawanga iko digrii 13 na ushei magharibi ya hapo. Basi saa sita mchana ikigonga, jua lina dakika 53 bado kufika utosini.

Pengo hilo halina jina. “Tofauti ya muda wa jua na muda wa saa” ni sentensi, si jina. “Ucheleo wa jua” nimeujaribu, unanuka kikao cha kamati. Lakini tunayo kasorobo, kasoro na robo zilizooana zikasahau harusi yao. Kwa nini isiwe *kasorojua*? Kasorojua ya Dar ni dakika 23, ya Sumbawanga 53. Hupanda na kushuka kwa majira, tusibishane.

Kwa hiyo, msomaji, ukipaa Dar saa kumi jioni, saa yako ya mkononi itasema umetua saa kumi na moja na nusu. Kivuli chako pale uwanjani kitakuwa cha saa kumi na moja ya Dar. Safari ni saa moja na nusu kwa saa, saa moja kwa jua.