Nyaya za Kuongezwa katika Pikapu Kuukuu

Katika barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata, inayopita Fukayosi na Kiwangwa, mananasi na mizigo mingine ya mashambani hubebwa aghalabu na pikapu kuukuu zilizotengenezwa Japani, ambazo zimepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, kila mmoja akiongeza kifaa chake cha umeme juu ya vile vya mtangulizi wake.

Chanzo kimojawapo cha nyaya hizo ni redio. Stesheni za FM za Japani zilipangiwa tangu zamani masafa ya megahezi 76 hadi 90, ilhali za Tanzania husikika kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo redio iliyokuja na gari hunasa stesheni chache tu na mnunuzi hulazimika kufunga nyingine. Fundi mwenye haraka hukata soketi ya kiwandani, yaani kichwa cha plastiki kinachokusanya nyaya zote za redio, kisha husokota ncha kwa mkono na kuzizungushia tepu. Redio nyingi za madukani huwa na waya wa njano, unaohitaji umeme wakati wote ili kutunza kumbukumbu ya stesheni, na mwekundu, unaopaswa kupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Zikiunganishwa pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio huweza kuendelea kula betri gari likiwa limelala. Kifaa kinachovuta nusu ampea, ampea ikiwa ni kipimo cha mkondo wa umeme, humaliza betri ya ampea-saa 60 kwa siku 5.

Taa za ziada za mbele zina hatari kubwa zaidi. Taa mbili za wati 55 kila moja, katika gari la volti 12, huvuta zaidi ya ampea 9, na kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, yaani kizuizi kidogo katika njia ya umeme, hupoteza karibu volti moja na kugeuza takriban wati 8 kuwa joto mahali padogo kama ukucha. Hewa ya chumvi ya pwani huila shaba iliyofunikwa kwa tepu tu hadi ikaota unga wa kijani, ukinzani ukaongezeka na taa zikafifia, huku betri isiyo na kosa ikilaumiwa.

Hapo ndipo fyuzi inapoeleweka vibaya. Fyuzi ni kipande chembamba cha metali kinachoyeyuka mkondo unapozidi, nayo kazi yake ni kuulinda waya, si taa. Ndiyo maana hufungwa karibu na betri na kuchaguliwa kwa kuzingatia unene wa waya. Anayeweka kipande cha waya mtupu mahali pa fyuzi iliyoungua ameufanya waya mzima, pengine unaopita kando ya bomba la mafuta, kuwa ndio fyuzi.

Kupanga upya huanza kwa kuondoa. Baada ya kufungua kebo ya hasi ya betri, kila waya ufuatwe kutoka kwenye kifaa hadi chanzo chake, na usio na kifaa utolewe wote badala ya kukatwa na kuachwa ukining'inia. Rangi pekee isiaminiwe, wala taa ya majaribio isiaminiwe upesi, kwa kuwa katika baadhi ya Toyota za miaka ya 1980 na 1990 swichi ya taa kubwa hukata upande wa hasi, hivyo umeme huweza kuonekana kwenye taa iliyozimwa bila kuwapo kasoro yoyote.

Kila kifaa kitakachobaki kipewe fyuzi na rilei yake. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, ambayo huuachia waya mwembamba wa dashibodi mkondo mdogo tu, huku mkondo mkubwa ukipita kwenye waya mnene: katika rilei nyingi miguu 85 na 86 ni ya sumaku, 30 hupokea umeme na 87 huutoa. Waya wa kurudi kwenye bodi ukazwe juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi.

Mwisho, mita ya ampea ifungwe kati ya kebo ya hasi na betri, kila kitu kikiwa kimezimwa. Ikisoma zaidi ya ampea 0.05, fyuzi zing'olewe moja moja hadi usomaji ushuke, kwani njia ya fyuzi hiyo ndiyo inayovujisha. Mwenye pikapu na adai kipimo hicho kifanywe mbele yake kabla ya kumlipa fundi.