Mbwa Mwenye Njaa Hulinda Nini?

Wako watu wanaosema mbwa akishiba halindi. Wanasema mpe kidogo, au usimpe kabisa, ili usiku awe mkali. Maneno haya tumeyasikia katika madarasa yetu ya kisomo, hapa Singida Mjini na katika kata za pembeni kama Mtamaa, Mungumaji na Unyambwa. Wengine huongeza kwamba huko ndiko kubana matumizi. Unga ni wa watu, siyo wa mbwa.

Leo tuyapime maneno hayo kwa hesabu. Chukua kalamu na daftari.

Mkoa wetu unajulikana kwa kuku wa kienyeji. Kuku wa Singida hupakiwa kwenye matenga na kusafirishwa mpaka Dar es Salaam. Akina mama wengi hununua daftari na sare za watoto kwa fedha ya kuku. Sasa, tuseme kuku wako mmoja ana mayai 12. Anaatamia siku 21. Tuseme yanaanguliwa mayai 10. Mwewe anachukua vifaranga 2. Ugonjwa wa kideri unaua 2. Wanabaki 6. Hao 6 ndio fedha yako.

Lakini mbwa ana njaa. Siku hujafika kwenye kiota, yeye ameshafika. Amekula mayai 6 kati ya yale 12. Hebu piga hesabu tena uone wanabaki vifaranga wangapi. Na mbwa aliyeonja yai jana, leo atarudi pale pale. Kesho atakwenda kwa jirani. Akimuua mwanambuzi wa jirani, utalipa mwanambuzi, na ujirani utaingia doa. Hiyo bakuli ya uji uliyomnyima imekuwa ghali kuliko debe la mahindi!

Mbwa asiyelishwa hujilisha mwenyewe. Usiku ule unaotaka alinde, yeye yuko jalalani au machinjioni anatafuta mifupa. Zizi lako limebaki bila mlinzi, na fisi hana habari kwamba wewe unabana matumizi.

Basi alishwe nini? Hatusemi umnunulie nyama. Chemsha pumba za mahindi, za mtama au za uwele ziwe uji mzito. Tia makombo ya jana na vumbi la dagaa kidogo. Matumbo ya kuku uliyemchinja yakichemshwa ni kitoweo chake kizuri. Ugali wa nyumbani ukishaiva, weka chungu cha mbwa juu ya moto ule ule, kuni zisipotee. Mpe jioni kabla ya kuku kuingia bandani, kila siku saa ile ile. Mbwa anayejua saa ya chakula chake hazururi mbali. Maji safi yawepo mchana kutwa, hasa miezi ya kiangazi. Mashudu ya alizeti, ambayo kwetu ni mengi, waachie ng'ombe na kuku. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, kwa kuwa huvunjika vipande vikali na kumchoma ndani.

Kuna kubana matumizi kwingine kunakoua. Mahindi yakiota ukungu, mtu husema: haya hatuli sisi, tumpe mbwa, au tuwape kuku. Hapana. Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na hao ni majirani zetu. Mbwa nao huuawa nayo upesi. Kupika hakuiondoi. Mahindi ya namna hiyo yafukiwe.

Tena kuna jambo la vichwa na mapafu. Tukichinja mbuzi au kondoo na kuona malengelenge ya maji kwenye ini, mapafu au ubongo, tunamtupia mbwa. Tunadhani tumeokoa chakula. Ndani ya malengelenge hayo mna vijidudu vya minyoo ya tegu. Vikiingia tumboni mwa mbwa vinakuwa minyoo kamili. Mbwa anakunya mayai ya minyoo malishoni. Mbuzi anayala pamoja na majani. Mayai ya aina mojawapo ya minyoo hiyo huanguliwa, vijidudu vinakwenda hadi ubongoni, na mbuzi anaanza kuzunguka zunguka mahali pamoja kama mlevi. Mwisho anaanguka. Wafugaji wa Kimaasai kule Ngorongoro wanaujua vizuri ugonjwa huu, wao wanauita ormilo. Mwenye mbuzi hulalamika kwamba amerogwa, kumbe mchawi ni kile kichwa kibichi alichomtupia mbwa wake. Aina nyingine ya minyoo hiyo humpata mtu pia, ikamfanyia uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Watoto wanaocheza na mbwa na kula bila kunawa ndio walio hatarini.

Kwa hiyo nyama yenye malengelenge ichomwe moto au ifukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Nyama nyingine ya mbwa ichemke kweli kweli, siyo kupitishwa tu kwenye moto. Na mbwa apewe dawa ya minyoo. Mwulize afisa mifugo wa kata yako ni dawa gani, na baada ya muda gani utairudia.

Sasa tuje kwenye kichaa cha mbwa. Hapa hatuzungumzii tena yai wala mbuzi. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 1,500 kila mwaka katika Tanzania. Karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa, na wengi ni watoto. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Lakini ugonjwa unazuilika, tena kwa sindano moja ya mbwa kila mwaka.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole huwa mkali, na aliyekuwa mkali huweza kuwa mpole ajabu. Hutokwa mate, hushindwa kumeza, hung'ata hata miti na mawe, huenda mbali bila sababu. Wengine hulegea taya tu na kukaa kimya, na mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa. Usitie mkono wako kinywani! Hata ng'ombe na mbuzi wakiumwa na mbwa huyo hupata kichaa. Ng'ombe hulia lia ovyo na kutokwa mate kana kwamba kuna kitu kimemkaba kooni. Naye usimtie mkono kinywani, wala usimchinje ili kuokoa nyama. Mwite afisa mifugo.

Mtu akiumwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Hesabu dakika hizo kwa saa, maana ni nyingi kuliko unavyodhani. Usipake mavi ya ng'ombe, usipake mafuta ya taa. Kisha nenda hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu. Sindano hutolewa kwa siku zilizopangwa, na lazima zimalizike zote. Piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, siku za shamba zilizopotea, na usiku usio na usingizi. Weka hesabu hiyo pembeni mwa gharama ya kumpeleka mbwa wako kuchanjwa mara moja kwa mwaka.

Je, chanjo inafaa kweli? Wilayani Serengeti, mkoani Mara, mbwa wa vijijini walianza kuchanjwa kwa wingi mwaka 1996. Kichaa kikapungua sana, na idadi ya watu walioumwa na mbwa wa kichaa ikapungua nayo. Wataalamu wanasema katika kila mbwa 10, wakichanjwa 7 ugonjwa hukosa njia ya kupita. Hivyo mbwa wako peke yake hatoshi. Lazima na wa jirani aje.

Mafunzo ya mbwa tuyaguse kidogo tu. Mfundishe angali mdogo, kabla hajaonja yai. Mkae naye karibu na kuku akiwa amefungwa kamba. Akiruka mkemee kwa neno moja, lile lile kila siku. Akitulia mpe tonge. Okota mayai asubuhi na jioni, na maganda usimtupie yeye. Kumpiga mpaka avunjike mguu si kufundisha, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili huo. Mwenye mbwa jike akumbuke kwamba mimba ni kama miezi miwili tu. Kama hutaki watoto, mwulize afisa mifugo habari ya kumfunga uzazi. Watoto wa mbwa wanaotupwa jalalani ndio mbwa koko wa mwakani.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi mbwa huchanjwa wakati huo. Usingoje tangazo. Mwulize mtendaji wa mtaa au wa kijiji chako siku na mahali. Mpeleke mbwa akiwa na kamba imara, apelekwe na mtu mzima anayemtii, asipelekwe na mtoto. Baada ya sindano omba kadi. Isome mwenyewe pale pale kabla hujaondoka: jina lako, rangi ya mbwa, tarehe ya chanjo. Tarehe ya kurudi isipoandikwa, mwombe afisa aiandike, kisha nyumbani uinakili ukutani mahali ambapo mvua haifiki.