Kupeana Habari Katika Chama cha Akiba na Mikopo

Wengi wetu tuna wazazi walio wanachama wa vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, yaani SACCOS. Nauli, sare na magodoro yetu mara nyingi hutoka huko. Basi napenda kueleza jambo moja liwezalo kukijenga au kukivunja chama cha namna hii, nalo ni jinsi watu wa ofisini wanavyopeana habari.

Kwanza yafaa tujue chama hiki ni kitu gani. Fedha zake ni hisa, akiba na amana za wanachama, na kwa fedha hizo hukopeshana. Katika mkutano mkuu kila mwanachama ana kura moja tu, awe na hisa nyingi au chache. Mkutano huchagua bodi, bodi huajiri meneja, na meneja huongoza makarani. Kwa hiyo mama asimamaye dirishani si mgeni mwenye shida. Ni mwenye nyumba.

Zamani habari zilienea kwa urahisi. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alipoanzisha chama cha mikopo huko Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, wanachama walikuwa majirani waliojuana. Siku hizi chama huweza kuwa na maelfu ya watu, na habari hupita kwa wafanyakazi wachache. Hao wakinyamaza, mwenye mali hana pa kusikia.

Haya yalinipata mwenyewe. Nilipokuwa Kidato cha Tatu, mama yangu, ambaye ni muuguzi, aliomba mkopo ili nirudi shuleni. Kila alipokwenda, karani alimwambia, "Njoo kesho, mama." Kesho hizo zilifika siku 12, nami nikawa nyumbani wenzangu wakisoma. Katika mkutano mkuu ndipo ilipojulikana kwamba mwajiri alichelewa kupeleka makato ya mishahara, hivyo fedha za kukopesha zilipungua. Meneja aliwaficha hata makarani, akihofu kwamba wanachama wangekimbilia kutoa akiba zao. Karani aliyeuliza alikemewa, na wengine wakajifunza kunyamaza. Mwishowe uvumi ulienea kwamba fedha zimeliwa, na watu wakaanza kutaka kujitoa. Lile aliloliogopa ndilo alilolileta.

Hapo twaona mazoea ya ofisi yanavyozaliwa. Jinsi meneja anavyosema na karani, ndivyo karani anavyosema na mwanachama. Tena habari zapaswa kushuka na kupanda, kwa maana karani ndiye wa kwanza kusikia manung'uniko.

Mkutano uliamua kwamba kila Jumatatu, kabla ya dirisha kufunguliwa, meneja awaeleze wafanyakazi wote hali ya fedha. Na kila aombaye mkopo atajiwe siku ya kupata jibu, hata jibu likiwa "bado". Mama asema foleni haijapungua, lakini kelele zimepungua.

Ni kweli kwamba si kila jambo ni la kutangazwa. Akiba na deni la mwanachama ni siri yake. Lakini hali ya chama si siri kwa wenye chama.

Baadhi yetu tutakuwa makarani na mameneja. Tukumbuke kwamba mama angaliambiwa kweli siku ya kwanza, angalikwenda kuazima kwa shangazi. Kwa "njoo kesho" hakuweza kufanya lolote ila kungoja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne