Pedi hutetemeka, embe husukuma

Jioni katika mitaa ya Tandika na Tandale, vibanda vya gemu hufurika vijana: macho kwenye runinga, pedi mkononi. Gari likibamiza ukuta, pedi inanguruma. Ndani yake mna mota mbili, kila moja na kipande cha chuma kilichoelemea upande. Kikizunguka, uzito unayumba na kiganja kinasikia kishindo. Sony waliingiza pedi ya namna hiyo sokoni mwaka 1997, na vishikio vya miwani ya uhalisia pepe navyo hutegemea mtetemo hadi leo.

Lakini kutetemeka si kuzuia. Ndani ya miwani ukisukuma ukuta, kishikio kitakujulisha umeugusa, kisha mkono utapita. Mtazame mnunuzi wa maembe soko la Stereo, Temeke: analipima kiganjani, analibonyeza karibu na kikonyo, lililolainika kidogo ndilo linaloingia kikapuni. Anachosikiliza ni embe linavyokirudisha kidole. Kuiga msukumo huo kunataka mashine ya kukikinza kidole, na kompyuta irekebishe nguvu kama mara 1,000 kwa sekunde; ikisuasua, kitu kigumu kinahisiwa kikitikisika. Macho yanaridhika na picha 90 hivi kwa sekunde. Ndiyo sababu mashine hizo ni ghali.

Njia ya mkato imo kichwani mwetu. Mwaka 1891 Mfaransa Augustin Charpentier alieleza kwamba vitu viwili vikiwa na uzito sawa, kilicho kidogo kwa umbo huhisiwa kizito zaidi. Hata ukiambiwa ukweli, mkono haubadili kauli. Mwaka 2002 Marc Ernst na Martin Banks walionyesha katika jarida la Nature kwamba ubongo huchanganya taarifa za jicho na za mkono, ukiupa uzito zaidi upande wenye uhakika. Picha ikiwa safi, jicho ndilo linaloaminiwa; ikififia, ni mkono.

Watengenezaji huitumia siri hiyo. Unapoinua jiwe la kwenye gemu, mkono unaouona wanauchelewesha kidogo nyuma ya mkono wako halisi, nawe unalihisi zito bila mota ya ziada.

Kwa gemu, hila hiyo inatosha. Kwa kijana anayejifunza ufundi wa magari haitoshi: nati iliyokaza vya kutosha huijua kwa spana inavyogoma, wala jicho halimsaidii. Chuo kikiletewa miwani ya mafunzo, mwalimu aulize kabla ya bei: inasukuma, au inatetemeka tu?