Kengele Ikilia, Nani Anabaki Kitandani?



Mwanzoni mwa Kwaresima ya mwaka jana, sisi watatu tunaosoma falsafa tuliweka nia ya kumaliza Maungamo ya Mtakatifu Augustino kabla ya Pasaka. Ni vitabu 13, na kurasa chache kila usiku baada ya chakula zingetosha. Pasaka ilitukuta kitabu cha tatu. Tulipoulizana kulikoni, majibu yalikuwa tayari: umeme ulikatika, kulikuwa na mazoezi ya kwaya, mwalimu wa Mantiki alitupa kazi nyingi, nakala ya maktaba ilikuwa moja. Kila jibu lilikuwa la kweli. Hilo ndilo lililotusumbua. Sababu zote zilikuwa za kweli, kazi haikufanyika, na kati yetu watatu hapakuwa na hata mmoja aliyehusika!

Kipindi hichohicho tulikuwa tukimsoma Aristotle darasani. Katika kitabu cha tatu cha Ethica Nicomachea anauliza ni lini mtu anastahili sifa au lawama kwa tendo lake. Mambo mawili, anasema, humwondolea mtu lawama: kulazimishwa na kutojua. Kulazimishwa ni pale chanzo cha tendo kinapokuwa nje ya mtu, naye hachangii chochote, kama anayepeperushwa na upepo. Basi umeme kukatika ni upepo. Lakini ulikatika mara ngapi? Tulikaa tukahesabu kwa unyofu: usiku sita tu katika Kwaresima nzima.

Sababu nyingine zilikuwa za aina ya pili. Aristotle anatoa mfano wa mabaharia wanaotupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Hakuna anayependa kutupa mali yake, hata hivyo saa ile wao wenyewe ndio walioamua, ili waokoe roho zao. Matendo ya namna hiyo anayaita ya mchanganyiko, ila anayaweka karibu zaidi na hiari. Sisi nasi tulitupa shehena. Tulipobanwa na muda, mazungumzo ya mpira baada ya chakula yalibaki chomboni, na Augustino akatupwa majini. Tulichagua, ingawa hatukukumbuka kuchagua.

Aristotle ni mkali zaidi mbele kidogo. Anataja wanaotoa adhabu maradufu kwa aliyekosa akiwa amelewa, kwa kuwa kutolewa kulikuwa katika uwezo wake. Anamtaja pia mgonjwa aliyeugua kwa kutowasikiliza waganga: leo hawezi kupona kwa kutaka tu, lakini kulikuwa na wakati alipoweza kuepuka. Ni kama aliyerusha jiwe. Hawezi kulirudisha, ila kulirusha kulikuwa mkononi mwake. Kwa hiyo hata yule anayesema “ndivyo nilivyo, mimi ni mzito wa kusoma” bado anaulizwa: uzito huo uliujenga siku zipi?

Hapa lazima tuwe waangalifu, hasa sisi tunaotarajia kusimama mimbarini. Mkulima ambaye mahindi yake yamekaushwa na ukame hana la kujibu kuhusu mvua. Mama aliyeshindwa kuweka hisa kwenye VICOBA kwa sababu mtoto alilazwa hakushindwa kwa uvivu. Tumewahi kusikia maskini wakihubiriwa kwamba hali yao ni matokeo ya kutojituma. Hiyo ni falsafa mbovu, tena ni dhuluma. Uwajibikaji unamuuliza mtu habari za kilichokuwa mikononi mwake, na mikono ya watu hailingani. Hata katika mfano wa talanta, mmoja alipewa tano, mwingine mbili, mwingine moja. Yule wa tatu hakuiba kitu, alirudisha talanta nzima. Ila tazama anavyotoa hesabu: anaanza kueleza tabia ya bwana wake.

Baada ya Pasaka tulianza upya, safari hii kwa njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Katika Mazoezi ya Kiroho, yaliyoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548, anafundisha utafiti wa dhamiri wa pekee. Unachukua kosa moja tu, si kumi. Asubuhi unaweka nia. Mchana na jioni unajichunguza, na kwa kila anguko unatia nukta kwenye mstari wa siku hiyo, kisha unalinganisha siku na siku, juma na juma. Karatasi haina nafasi ya kuandika sababu. Ina nafasi ya nukta tu. Tuliona aibu kidogo kubandika yetu ndani ya mlango wa kabati, lakini tulibandika. Juma la kwanza lilikuwa na nukta nyingi, la pili lilizidi (tulikuwa na mitihani), la tatu likapungua.

Mwezi uliopita tukafika kitabu cha nane. Augustino yuko Milano, mwaka 386, ana miaka 31. Ni miaka kama 12 tangu kitabu cha Cicero kiwashe ndani yake hamu ya hekima, na bado anaahirisha. Anajifananisha na mtu mwenye usingizi: anajua saa ya kuamka imefika, anakubali kwamba kuamka ni bora, ila anaomba kidogo tena, na hicho kidogo hakiishi. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Kengele yetu hulia saa kumi na moja alfajiri. Kwenye karatasi ya kabatini, mmoja wetu amebadilisha kosa analolihesabu. Siku ya kwanza ina nukta moja.